Kupima Homoni za Steroidi kwa HPLC na Fluoresensi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wiki ya kwanza wanapokutana na mashine ya HPLC, yaani kromatografia ya kimiminika, inayotenganisha vilivyomo ndani ya sampuli ili vipimwe kimoja kimoja. Mengine huletwa na watu wasiovaa koti jeupe kabisa: mfugaji wa samaki, muuza vipodozi, mgonjwa mwenye karatasi mbili za majibu zisizofanana. Yamepangwa jinsi yanavyokuja, si jinsi kitabu kingeyapanga.

Steroidi si zile dawa za wanyanyua vyuma?

Hizo ni tawi moja la ukoo mkubwa. Steroidi ni molekuli yoyote iliyojengwa juu ya pete nne za kaboni zilizoshikana, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano, kaboni 17 kwa jumla kwenye kiunzi. Mwili huzitengeneza kutokana na kolesteroli. Kortisoli na aldosteroni hutoka kwenye tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo kama kofia. Testosteroni hutoka zaidi kwenye korodani, estradioli na projesteroni kwenye ovari. Anachojidunga mnyanyua vyuma mara nyingi ni testosteroni yenyewe au ndugu yake aliyebuniwa kiwandani.

Kama kila mtu anazo mwilini, ugumu wa kuzipima uko wapi?

Kwanza ni chache mno. Kortisoli ndiyo tajiri wao: damu ya asubuhi ya mtu mzima mwenye afya huwa na takriban nanomoli 140 hadi 690 kwa lita. Chukua nanomoli 400. Hizo ni nanogramu 145 hivi katika mililita moja. Sasa tazama estradioli ya pikomoli 100 kwa lita, kiwango cha kawaida kwa mwanamume: ni pikogramu 27 kwa mililita. Yaani kortisoli imeizidi zaidi ya mara 5,000, na zote mbili ziko kwenye neli ileile.

Pili zinafanana kupita kiasi. Kortisoli na prednisoloni, dawa ambayo wagonjwa wengi wa pumu huandikiwa, zimetofautiana haidrojeni mbili tu. Testosteroni na epitestosteroni hazijatofautiana hata atomu moja. Kilichobadilika ni upande ambao kundi moja la haidroksili limeelekea. Mapacha wa namna hii huwezi kuwatenganisha kwa kuwatazama usoni.

Waliotangulia walikabili uchache kwa wingi wa malighafi. Mwaka 1931 Adolf Butenandt alipata androsteroni, homoni ya kiume, baada ya kuchakata lita 15,000 hivi za mkojo wa askari polisi wa Berlin. Alichobaki nacho mkononi ni miligramu 15. Leo mwanafunzi analalamika akiambiwa alete mililita tano.

Fluoresensi ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Weka noti chini ya ile taa ya zambarau ya keshia. Nyuzi na alama ambazo hukuziona zinawaka. Taa inatoa mwanga wa urujuanimno usioonekana kwa jicho, wino unaumeza, kisha unaurudisha ukiwa umepungua nguvu, yaani wenye wimbi refu zaidi, na huo jicho linauona. Kwinini hufanya vivyo hivyo. Ukimulika soda chungu yenye kwinini inageuka buluu. George Stokes alichunguza mmumunyo wa kwinini hiyohiyo, na mwaka 1852 akaupa mng'ao huu jina kutokana na jiwe la fluoraiti. Ni jiwe lilelile lililochimbwa kwa miaka mingi Kimwarer, Bonde la Kerio nchini Kenya, ingawa huko walilitaka kwa ajili ya viwanda na wala si kwa ajili ya kung'aa.

Detekta ya fluoresensi ni wazo hilohilo ndani ya sanduku. Taa ya xenoni inapiga sampuli kwa wimbi unalolichagua, na jicho la mashine limewekwa pembeni, kwenye pembe ya mraba, ili lisione taa bali lione kile kinachong'aa tu. Hapo ndipo unyeti wake unapotoka. Detekta ya kawaida ya urujuanimno inapima upungufu mdogo katika mwanga mwingi, kama kutambua kwamba mtu mmoja ametoka uwanja wa mpira uliojaa. Ya fluoresensi inatafuta mshumaa mmoja gizani.

Kwa hiyo steroidi zote zinang'aa?

Hapana, na hili ndilo kosa la kwanza la kila anayeanza. Kati ya homoni kubwa, zinazong'aa zenyewe ni za ukoo wa estrojeni: estroni, estradioli, estrioli, pamoja na ethinili estradioli ya kiwandani. Pete yao ya kwanza ni ya kiaromatiki na imebeba kundi la fenoli. Zichochee kwa nanomita 280 hivi, zitarudisha mwanga wa karibu nanomita 310.

Kortisoli, testosteroni na projesteroni hazina pete hiyo. Zinameza urujuanimno vizuri, karibu na nanomita 240, lakini hazirudishi kitu cha maana. Ni kama mdeni: anachukua, halipi. Ukitaka zing'ae una njia mbili, kuzipika kwenye asidi au kuzivisha tagi.

Nipe mfano wa kazi ambapo mng'ao wa asili unatosha.

Vidonge vya majira. Kidonge kimoja cha aina iliyozoeleka kina levonorjestreli miligramu 0.15 na ethinili estradioli miligramu 0.03. Hizo mikrogramu 30 zimezama ndani ya laktosi, wanga na rangi. Anayekagua ubora anapaswa kujua kama kila kidonge kimoja kimoja kimebeba dozi yake, kwa sababu mwanamke hamezi wastani wa pakiti, anameza kidonge cha leo.

Unayeyusha kidonge, unachuja, unadunga kwenye mashine. Levonorjestreli unaisoma kwa urujuanimno, na ethinili estradioli kwa fluoresensi kwenye mkondo huohuo, detekta mbili zikiwa zimefuatana. Wanga haung'ai, laktosi haing'ai. Mstari kwenye mchoro wa mashine unabaki umetulia, na kilele cha homoni kinasimama peke yake. Mimi nikitaka kumfundisha mtu mbinu hii sianzi na damu. Naanza na vidonge hivi, maana akikosea anajua kosa ni lake na si la mgonjwa.

Na ile njia ya asidi ya sulfuriki?

Ni kongwe na ina heshima yake. David Mattingly aliichapisha mwaka 1962: plazma inachanganywa na diklorometheni, kortisoli inahamia humo, kisha inatikiswa na mchanganyiko wa asidi ya sulfuriki na ethanoli. Asidi inaivunja na kuipanga upya molekuli hadi ing'ae kijani, ikichochewa karibu na nanomita 470 na kusomwa karibu na 530. Hospitali nyingi duniani ziliishi na njia hii kwa miaka.

Udhaifu wake ni kwamba haichagui vya kutosha. Kortikosteroni, steroidi nyingine ya tezi za adrenali, nayo inang'aa humo. Mgonjwa anayetumia spironolaktoni, dawa ya presha na ya kupunguza maji mwilini, majibu yake yanapanda bila kortisoli kuongezeka hata chembe. Mwanga uko wa kweli kabisa. Mwenye mwanga ndiye siye. Ndiyo maana siku hizi hatumwamini mtu anayepima mng'ao wa sampuli nzima bila kuitenganisha kwanza, na ndiyo maana kolamu ipo.

Muda nao ni mtawala katika njia hiyo. Mng'ao unabadilika kadiri asidi inavyoendelea kula, kwa hiyo kila neli lazima isomwe ikiwa na umri uleule kwa dakika. Simu ikiita, iache iite.

Kolamu inafanya nini hasa?

Ni bomba la chuma cha pua, kwa kawaida la milimita 150 kwa 4.6, lililoshindiliwa chembe za silika zenye ukubwa wa mikromita 5 au chini ya hapo. Chembe zimevikwa minyororo ya kaboni 18, yaani zimepakwa kitu kinachofanana na mafuta. Pampu inasukuma mchanganyiko wa maji na methanoli au asetonitraili, ndio tunaouita mkondo, kupita humo. Steroidi inayopenda maji haikawii, inayopenda mafuta inang'ang'ania. Kwa hiyo aldosteroni na kortisoli hushuka mapema, kortikosteroni hufuata, kisha testosteroni, na projesteroni ndiyo abiria wa kituo cha mwisho.

Msukumo humo ndani si mchezo: baa 100 hadi 200 ni kawaida, wakati tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu. Kolamu iliyozibwa na sampuli isiyochujwa inapandisha msukumo hadi pampu inazima, na bei ya kolamu mpya itakuondolea hamu ya chakula cha mchana.

Tagi inavishwaje?

Unatafuta mpini kwenye molekuli. Estrojeni zina mpini wa fenoli, na huo hushikwa na dansili kloraidi kwenye bafa ya kialkali, ikipashwa moto wa nyuzi 60 kwa dakika chache. Kortisoli na testosteroni zina kundi la ketoni kwenye kaboni ya tatu, nalo hushikwa na dansili haidrazini, safari hii kwenye asidi. Baada ya hapo kinachong'aa si homoni bali ni tagi iliyobebwa mgongoni, ikichochewa karibu na nanomita 350 na kutoa mwanga wa kijani.

Shida tatu zitakuja, zote nimezionja. Tagi iliyozidi inang'aa kuliko homoni yenyewe, na kilele chake kinaweza kumeza mwanzo mzima wa kromatogramu, ule mchoro wa vilele. Panga mkondo wako ili homoni ishuke baadaye sana. Dansili kloraidi huharibiwa na maji, kwa hiyo chupa iliyofunguliwa kwenye joto na unyevu wa pwani haikai; gawa kwenye vichupa vidogo, funga, weka kwenye friza. Tatu, haidrazoni moja huweza kutoka kama vilele viwili kwa sababu molekuli inaweza kukaa kwa mkao wa namna mbili. Kuna mwanafunzi aliyekuja kwangu akishangilia kwamba amegundua homoni mpya. Nilimpa kiti kwanza.

Sampuli inaandaliwaje?

Hapa ndipo kazi ilipo. Mashine ni robo ya safari.

Kwenye damu, kiasi cha asilimia 90 ya kortisoli au zaidi kimeshikwa na protini, hasa ile globulini inayoisafirisha. Lazima uivunje ndoa hiyo kwa kiyeyushi. Unachukua seramu, unatia kwanza kabisa kiwango cha ndani, yaani steroidi nyingine isiyokuwamo mwilini ambayo itapita njia yote pamoja na unachokitafuta. Kikimwagika kidogo, au kikibaki ukutani mwa neli, vyote viwili vinapungua kwa uwiano uleule na hesabu inabaki sawa. Kukitia mwishoni ni sawa na kuhesabu abiria baada ya basi kufika. Kisha unatikisa na ethili asetati au diklorometheni, unazungusha kwenye sentrifuji, unatoa tabaka la kiyeyushi, unakausha kwa mkondo wa naitrojeni, unayeyusha upya kwa tone dogo la mchanganyiko wa mkondo. Wengine hupitisha kwenye katriji ya C18 badala ya kutikisa. Ni safi zaidi, na hupigani na povu.

Mkojo una hadithi yake. Ini limeshazifunga homoni nyingi na sukari au salfeti ili ziyeyuke na kutoka, na zikiwa zimefungwa hazihamii kwenye kiyeyushi. Kimeng'enya cha kuzifungua kinachouzwa zaidi hutoka kwa konokono, *Helix pomatia*, na juisi yake inabeba vimeng'enya vya kufungua aina zote mbili. Unaiacha na mkojo kwenye pH ya karibu 5, nyuzi 37, mara nyingi usiku kucha. Lakini konokono naye ana mambo yake: juisi hiyo ina vimeng'enya vingine vinavyoweza kugeuza steroidi moja kuwa nyingine. Kwa hiyo pitisha stendadi yako, yaani homoni safi ya kiasi unachokijua, kwenye hatua hiyo pia, usiiache ikisubiri mwisho wa njia.

Halafu kuna saa. Kortisoli huwa juu karibu na wakati wa kuamka na chini kabisa karibu na usiku wa manane, hivyo kipimo kisicho na saa ya kuchukuliwa hakina maana. Hapa sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu. Niliwahi kupokea fomu imeandikwa «saa 8». Je, ni saa nane mchana, au ni ile ya Kizungu ambayo kwetu ni saa mbili asubuhi? Matokeo yalikuwa ya chini. Kwa asubuhi yangetisha, kwa mchana yasingemshtua mtu. Tukapiga simu wodini. Ilikuwa mchana. Tangu siku hiyo fomu yetu ina vijisanduku vya asubuhi, mchana na usiku.

Kwa nini nisitumie ELISA, kipimo cha kingamwili, nikamaliza kwa asubuhi moja?

Tumia, kama una sampuli mia na swali lako ni la jumla. Lakini kingamwili hutambua sura, na tumeshaona jinsi sura hizi zinavyofanana. Mgonjwa anayemeza prednisoloni anaweza kuonekana ana kortisoli ya kutosha ilhali tezi zake zimelala. Kwenye kolamu nzuri prednisoloni na kortisoli hushuka karibu sana, ila kwa uvumilivu wa kurekebisha mkondo zinaachana.

Na LC-MS/MS? Si ndiyo bora?

Ndiyo bora. Inapima uzito wa molekuli na wa vipande vyake, na kwa estradioli ya chini ya damu haina mshindani hapa. Katika kesi za dawa za kuongeza nguvu michezoni hakuna mjadala, kilele cha fluoresensi hakimfungii mtu: kinasema tu kwamba kitu kinachong'aa kimeshuka dakika fulani. Lakini mashine hiyo inakula naitrojeni mchana kutwa, inataka umeme usioyumba na fundi ambaye mara nyingi hayuko mji wako. Maabara yenye HPLC, detekta ya fluoresensi na watu makini inafanya kazi ya kweli kwenye vidonge, mkojo, mate na maji taka. Isijitwishe tu kazi isiyo yake.

Kremu za kung'arisha ngozi zenye klobetasoli, zinapimwa kwa fluoresensi? Si ina fluorini?

Swali zuri lililopotoshwa na majina. Klobetasoli, betamethasoni na deksamethasoni zina atomu ya fluorini kweli, lakini hazing'ai. Fluorini na fluoresensi zimechangia jiwe la ukoo, basi. Kremu ya dawa ya klobetasoli huwa na asilimia 0.05, yaani nusu miligramu kwa gramu, na huo ni mlima kwa kromatografia. Urujuanimno wa nanomita 240 unatosha kabisa. Tanzania imepiga marufuku steroidi kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Kwenye kopo la mkorogo kinachosumbua si uchache wa steroidi bali mafuta yanayoziba kolamu.

Nafuga sato wa dume watupu. Mnaweza kupima homoni kwenye chakula cha vifaranga?

Kirahisi. Chakula hicho kwa kawaida huchanganywa methiltestosteroni miligramu 60 kwa kilo na kulishwa wiki tatu hadi nne za mwanzo. Nayo haing'ai; tunatumia urujuanimno. Tunachokutana nacho ni mchanganyiko usio sawa: kijiko cha juu ya mfuko na cha chini vinatoa namba mbili. Leta sampuli za sehemu kadhaa, si konzi moja. Kutafuta mabaki kwenye minofu ya samaki mkubwa ni kazi nyingine, ya LC-MS/MS.

Kuna kilele mahali pa estradioli hata kwenye blanki, sampuli tupu isiyotiwa homoni. Kinatoka wapi?

Angalia plastiki. Bisfenoli A ina fenoli mbili na inang'aa kwenye mawimbi yaleyale ya estrojeni. Neli, vifuniko, hata maji yaliyokaa kwenye dumu vinaweza kuileta. Hamia kwenye kioo, suuza kwa methanoli, rudia blanki.

Na kama vilele vyote vimefifia?

Anza na hewa: oksijeni iliyoyeyuka kwenye mkondo huzima mng'ao, kwa hiyo hakikisha kiondoa hewa kinafanya kazi. Kisha joto, maana chumba kikipata moto mchana mng'ao hushuka. Tia kolamu na detekta kwenye joto lisilobadilika. Kisha taa. Taa ya xenoni huzeeka, na kuwashwa na kuzimwa na umeme wa kukatika kunaizeesha haraka, kwa hiyo UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, si anasa. Kuipima, pitisha maji safi, chochea kwa nanomita 350 na usome karibu na 397: maji yenyewe hutawanya mwanga hapo, na urefu wa ishara hiyo uuandike kwenye daftari kila mwezi. Kama vilele vinapungua kwenye sampuli nzito tu, hiyo si taa. Sampuli imezidi, inajifunika mwanga wake. Izimue mara kumi kwa kuongeza kiyeyushi.

Hospitali moja imeniandikia kortisoli 14, nyingine 386. Nani amekosea?

Pengine hakuna. Tazama kipimo kilichoandikwa kando ya namba. Moja inatumia mikrogramu kwa desilita, nyingine nanomoli kwa lita, na kwa kortisoli unazidisha kwa 27.6. Kumi na nne mara 27.6 ni 386.